Siku nane kwenye kuta za Diego Rivera

Kazi kubwa za Diego Rivera, mchoraji wa Meksiko, hazifungashwi kwenye sanduku zikapelekwa maonyesho ya nchi nyingine. Nyingi zilipakwa kwenye plasta mbichi ya majengo ya umma, zikakauka pamoja na ukuta, na anayetaka kuzielewa hana budi azifuate zilipo. Ratiba hii inafuata miaka ya kazi, haifuati ukaribu wa mitaa. Utapita barabara ileile mara mbili au tatu, lakini faida yake ni kubwa: utaona nani amewekwa katikati ya ukuta mwaka 1922, nani mwaka 1928, nani mwaka 1935 na nani mwaka 1951. Taifa la Meksiko baada ya mapinduzi lilijitengenezea sura kwa njia hiyo, kwa kuamua nani akae katikati, nani asogezwe pembeni na nani asichorwe kabisa.

Anza Jumanne. Makumbusho mengi ya Mexico City hufungwa Jumatatu, kwa hiyo siku hiyo tumeiwekea kazi zilizo nje ya majengo. Jiji liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyetoka pwani ataisikia pumzi ikikata akipanda ngazi ya ghorofa ya tatu; ndiyo maana siku ya kwanza ni fupi. Beba pasipoti, maana baadhi ya majengo haya yana ulinzi wa serikali. Beba pia darubini ndogo, kwa sababu sehemu nzuri za michoro hii mara nyingi ziko mita tano au sita juu ya kichwa. Taa ya kamera izime.

Siku ya kwanza, Jumanne: San Ildefonso

Shuka kituo cha metro cha Zócalo, laini ya 2, utembee hadi Antiguo Colegio de San Ildefonso. Hapa palikuwa na shule ya maandalizi ya chuo kikuu, na hapa ndipo harakati za michoro ya ukutani zilipoanzia. Vita vya mapinduzi vilivyoanza mwaka 1910 vilikuwa vimeiacha nchi imechoka, na wananchi wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1921 José Vasconcelos akawa waziri wa elimu ya umma. Akawagawia wachoraji kuta za majengo yaliyo chini ya wizara yake. Mwaka huohuo Rivera alirudi kutoka Ulaya, alikoishi tangu 1907 ukiacha safari fupi ya kurudi nyumbani. Kabla ya kurejea alizunguka Italia kuchunguza michoro ya kale ya makanisani.

Kazi yake ya kwanza, Uumbaji, iko kwenye ukumbi wa Anfiteatro Bolívar. Aliifanya 1922 hadi 1923 kwa rangi ya nta: rangi ya unga inachanganywa na nta na utomvu wa mkopali, inapakwa ikiwa ya moto, kisha inachomwa tena kwa moto wa bomba ili ishike ukutani. Ni njia ya taabu na ya gharama. Nta ikipoa kabla ya kufika ukutani inaganda kwenye brashi, na ikichomwa kupita kiasi rangi inabadilika. Rivera hakuitumia tena kwa kazi kubwa.

Tazama nyuso. Baadhi ni za Kimeksiko, lakini miduara ya dhahabu vichwani, mikao ya miili na utulivu wa picha nzima vimetoka Italia. Humo hakuna mkulima, mchimba madini wala soko. Huo ndio mwanzo, na ni vizuri kuuona kabla ya kwenda mbele.

Ukitoka ukumbini, panda ngazi kuu uone Cortés na Malinche ya mchoraji José Clemente Orozco ya mwaka 1926: Mhispania aliyeiteka Meksiko, na mwanamke mwenyeji aliyekuwa mkalimani wake. Wawili hao wamekaa uchi wameshikana mikono, na mwili wa mwenyeji wa nchi umelala chini ya mguu wa Cortés. Orozco hakuamini kwamba historia ya Meksiko inaelekea kwenye ushindi. Ukiyachukua maneno ya Rivera peke yake kuwa ndiyo sauti ya taifa, utakuwa umesikia upande mmoja wa mjadala.

Siku ya pili, Jumatano: Wizara ya Elimu

Jengo la wizara, lililofunguliwa mwaka 1922, liko mtaa wa República de Argentina, dakika chache kwa miguu kutoka San Ildefonso. Tangu 2024 sehemu kubwa yake ni makumbusho ya michoro ya ukutani. Tenga siku nzima. Rivera alifanya kazi humu kuanzia 1923 hadi 1928, na michoro yake imezunguka nyua mbili na sakafu tatu, zaidi ya paneli mia moja.

Kwanza elewa namna kazi ilivyofanyika, kwa sababu bila hilo utaona picha tu. Ukuta wa zamani ulibanduliwa hadi kwenye matofali au mawe. Kwa kawaida ya kazi ya fresko, yaani kupaka rangi kwenye plasta mbichi, mkono wa kwanza wa plasta ni mzito na wa mchanga mkubwa, karibu sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga, na unaachwa na uso wa kukwaruza ili mkono unaofuata upate pa kushika. Chokaa lazima iwe imezimwa kwa maji na kuhifadhiwa muda mrefu, miezi kadhaa au zaidi. Punje ambayo haikuzimika vizuri itaendelea kufura ndani ya ukuta na kuitoboa picha kutoka nyuma. Fundi wa chokaa wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi.

Mchoro wenyewe, ukubwa uleule wa ukutani, unachorwa kwanza kwenye tabaka la chini. Unanakiliwa kwenye karatasi nyembamba, na mistari yake inatobolewa matundu madogo. Kisha, usiku au alfajiri, wasaidizi wanapiga mkono wa mwisho: chokaa laini na unga wa marumaru, milimita chache tu, na kwa eneo ambalo mchoraji ataweza kulimaliza siku hiyo. Karatasi inawekwa juu yake, inapigwapigwa kwa kifuko cha vumbi la rangi, na vidoti vinaonyesha mistari. Mchoraji anaanza kupaka kwa rangi za unga zilizochanganywa na maji tu. Hakuna gundi. Chokaa inapovuta hewa ya ukaa na kugeuka jiwe tena, inazikamata chembe za rangi ndani ya ngozi ya kioo. Rivera mara nyingi alianza na vivuli kwa rangi nyeusi, kisha akapandisha rangi nyingine juu yake. Plasta ikianza kukataa maji, siku imekwisha. Kilichobaki bila rangi kinakatwa na kutupwa, na kesho kinapigwa upya.

Kwa hiyo kila ukuta unaouona umeshonwa kwa vipande vya siku moja moja. Unaweza kuviona. Simama karibu na ukuta, kichwa chako kikiwa kando kabisa ya mchoro, uangalie mwanga unavyoteleza juu ya uso wake. Utaona mistari myembamba iliyoinuka kidogo, mara nyingi ikifuata ukingo wa bega, kofia au mgongo wa mnyama. Hiyo ndiyo mishono ya siku. Uso wa mtu muhimu mara nyingi una kipande chake peke yake; eneo kubwa la anga linaweza kuwa kazi ya asubuhi moja. Rangi iliyoongezwa baadaye juu ya plasta kavu utaitambua kwa kuwa haina mng'ao na hubanduka kama ganda.

Rangi nazo zilichujwa na chokaa. Udongo mwekundu na wa manjano, oksaidi za chuma, nyeusi ya mkaa, buluu ya kobalti na baadhi ya kijani huvumilia ukali wake. Rangi nyingi za mimea hufa. Ule wekundu wa udongo unaotawala nyua hizi una sababu ya kisiasa, na una sababu ya kikemia pia.

Mwaka 1923 Rivera na msaidizi wake Xavier Guerrero walijaribu kuchanganya rangi na utomvu wa mpungate, wakiamini wamepata siri ya mafundi wa kale wa Meksiko. Utomvu ukachacha na kuoza ndani ya plasta, ukaacha madoa. Wakarudi kwenye maji matupu.

Sasa zunguka ua wa kwanza, Ua wa Kazi, ghorofa ya chini. Wamo wafuma nguo, wapaka rangi vitambaa, wafinyanzi, wasaga miwa, wachimba madini. Simama mbele ya Kutoka Mgodini. Mfanyakazi amepanda kutoka shimoni, amenyoosha mikono pande zote mbili, na msimamizi anampekua asije akawa ameiba madini. Mkao ni wa msalaba. Mmeksiko aliyezoea kuona msalaba kanisani aliuona hapa ukiwa juu ya mwili wa kibarua, tena ndani ya jengo la serikali. Kulikuwa na mashairi ya kichochezi yaliyoandikwa hapo, yakaleta vurugu kiasi cha kuondolewa. Karibu nayo yuko Mwalimu wa Kijijini: mwanamke amekaa chini, wakubwa kwa wadogo wamemzunguka, na mpanda farasi mwenye bunduki analinda darasa. Hakuna ubao wala dawati. Serikali mpya iliyotaka kutuma walimu vijijini haikuweza kupata tangazo bora kuliko hilo.

Ua wa pili ni wa Sherehe: Siku ya Wafu, ngoma ya swala, uchomaji wa sanamu za Yuda, mashua za maua za mfereji wa Santa Anita, Mei Mosi, ugawaji wa ardhi. Zingatia jinsi alivyozipanga. Sherehe za dini za vijijini, mkutano wa wafanyakazi na hati za ardhi vimepewa ukubwa uleule na ukuta uleule, na mtazamaji anatoka akiwa ameviona vyote kuwa jambo moja liitwalo Meksiko. Kabla ya hapo mtu wa Tehuantepec ya kusini na mtu wa migodi ya kaskazini hawakuwa na picha moja inayowaweka pamoja. Wachoraji Jean Charlot na Amado de la Cueva nao walipewa nafasi uani humu. Rivera alizichukua kuta zao, na paneli moja ya Charlot ikafutwa. Zilizobaki za Charlot, wapagazi na wafua nguo, zinastahili kusimamiwa.

Ghorofa ya juu utepe mwekundu wenye maneno ya nyimbo za mapinduzi unapita kutoka paneli hadi paneli. Asiyejua kusoma aliujua wimbo na akaelewa picha. Kwenye Ghala la Silaha ya mwaka 1928, mwanamke mwenye shati jekundu anayegawa bunduki ni Frida Kahlo, mchoraji aliyekuja kuwa mke wa Rivera.

Siku ya tatu, Alhamisi: Chapingo

Panda basi la Texcoco kutoka stendi ya mashariki, TAPO. Ni karibu kilomita 40, lakini foleni ya kutoka jijini inaweza kula saa nzima ya ziada, hivyo ondoka asubuhi. Uliza mapema kama kanisa dogo la chuo liko wazi, kwa kuwa chuo kina likizo na mahafali yake.

Chapingo lilikuwa shamba kubwa la kabaila, na kwa muda lilimilikiwa na Manuel González, aliyekuwa rais kati ya 1880 na 1884. Baada ya mapinduzi likawa chuo cha kilimo. Rivera alipewa kanisa la shamba hilo, akalipaka lote, kuta na dari, kati ya 1924 na 1927. Pale palipokuwa na madhabahu amelala mwanamke mkubwa mjamzito, Ardhi Yenye Rutuba, kwa mfano wa mkewe Guadalupe Marín. Tina Modotti, mpiga picha, naye yumo kama ardhi ambayo haijalimwa.

Ukuta mmoja unasimulia mapambano ya kuipata ardhi, wa pili unasimulia mmea na mbegu, na paneli zinatazamana mbili mbili. Tafuta paneli ya chini yenye miili miwili iliyovikwa sanda nyekundu ndani ya udongo, mahindi yakiota juu yao. Ni Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima katika mapinduzi, aliyeuawa 1919, na mwenzake Otilio Montaño. Mwanafunzi wa kilimo wa 1927 alifundishwa kwamba anapanda juu ya damu ya watu anaowajua kwa majina. Kwa maoni yetu hiki ndicho chumba kikamilifu kuliko vyote alivyochora. Kaa kwenye viti vya katikati, si mlangoni, kwa sababu mipaka ya picha ilipangwa kufuata mbavu za dari na kutoka mlangoni zinajipinda.

Siku ya nne, Ijumaa: Cuernavaca

Mabasi hutoka stendi ya kusini, Taxqueña, mwisho wa laini ya 2 ya metro. Ni karibu saa moja na nusu, na unashuka hadi mita 1,500 hivi, kwenye joto. Rudi kabla ya jioni, maana Ijumaa jiji lote linakimbilia huku.

Ngome ya Cortés ina roshani iliyochorwa na Rivera 1929 hadi 1930. Aliyelipa ni Dwight Morrow, balozi wa Marekani. Mwaka huohuo wa 1929 Chama cha Kikomunisti cha Meksiko kilimfukuza Rivera uanachama, na pesa za serikali na za mabalozi zilikuwa miongoni mwa malalamiko dhidi yake. Ukuta wenyewe haukulegezwa: unaonyesha utekaji wa mji, ujenzi wa ngome hiyohiyo kwa kazi ya kulazimishwa, mashamba ya miwa na mijeledi. Mwishoni Zapata ameshika farasi mweupe, na kabaila amelala miguuni pake. Mkoa huu wa Morelos ndiko Zapata alikozaliwa na kupigana, kwa hiyo waliokuja kutazama walikuwa wakitazama yaliyowapata wenyewe.

Tetemeko la Septemba 2017 lililijeruhi jengo, na lilifunguliwa tena mwaka 2023 baada ya ukarabati. Fika asubuhi, roshani inatazama mashariki.

Siku ya tano, Jumamosi: Palacio Nacional

Hii ni ikulu inayofanya kazi, na taratibu za kuingia hubadilika. Milango hufungwa kwa shughuli za serikali au maandamano ya uwanja wa Zócalo. Uliza siku moja kabla, na uiache Jumapili kuwa siku ya akiba. Begi kubwa liache hotelini.

Ngazi kuu ina kuta tatu zilizochorwa kati ya 1929 na 1935, huku kazi ikikatizwa na safari za Rivera kwenda San Francisco, Detroit na New York. Usianze na ukuta wa kati ingawa ndio unaokukabili. Anza kulia, upande wa kaskazini: dunia ya kabla ya Wahispania, mungu Quetzalcoatl amekaa kati ya watu wake, juu jua limepinduka kichwa chini. Kisha geukia kati. Chini kabisa ni vita vya 1521, vyuma na farasi dhidi ya mikuki na manyoya. Katikati kabisa ametua tai juu ya mpungate, ishara ya kuanzishwa kwa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ambayo ndiyo iliyoko kwenye bendera. Panda wima kutoka kwa tai: juu yake wamo mapadri wa uhuru, Hidalgo na Morelos, na juu zaidi, chini ya tao, Zapata na bango la ardhi na uhuru. Huo mstari wa wima ndio uti wa mgongo wa simulizi lote. Waazteki, uhuru wa 1810 na mapinduzi ya 1910 vimewekwa juu ya shina moja, na miaka mia tatu ya utawala wa Hispania imebaki msongamano wa chini. Matao ya pembeni yanabeba uvamizi wa Marekani wa 1847 na ule wa Ufaransa wa miaka ya 1860: taifa linajijua pia kwa waliolivamia.

Ukuta wa kushoto, wa mwisho kuchorwa, una Karl Marx juu akionyesha njia, na mabomba yanayofyonza fedha kutoka kwa wavujajasho hadi kwa mabepari, jenerali na padri. Frida na dada yake Cristina wako chini wakiwa walimu. Wengi hupiga picha hapa wakaondoka. Kwetu ndio ukuta dhaifu wa mitatu, kwa sababu watu wake ni hoja zaidi kuliko watu.

Panda kwenye varanda ya juu. Paneli za hapa zilifanywa 1942 hadi 1951. Soko la Tlatelolco la mwaka 1945 linahitaji darubini yako: mahindi ya rangi mbalimbali, maharage, samaki, dawa za miti, ngozi, na nyuma yake jiji lote juu ya ziwa, na milima ya volkano. Paneli za kijivu zilizo chini ya hizi za rangi zimeigiza nakshi za mawe, na mojawapo inaorodhesha mazao ambayo dunia ina deni nayo kwa Meksiko, yakiwemo mahindi, maharage, kakao na nyanya. Msomaji aliyelelewa kwa ugali wa mahindi ana sehemu yake kwenye deni hilo.

Kisha nenda paneli ya mwisho, ya 1951, kuwasili kwa Wahispania Veracruz. Cortés hapa ana kibyongo, magoti yaliyovimba na ngozi ya rangi ya ugonjwa, akihesabu fedha. Mwanamke wa nchi amembeba mgongoni mtoto mwenye macho ya rangi nyepesi, yaani taifa jipya la damu mchanganyiko. Lakini Meksiko ilipokea pia maelfu ya Waafrika watumwa. Vicente Guerrero, rais aliyefuta utumwa mwaka 1829, alikuwa na asili ya Afrika, na Morelos naye vilevile. Wamo kwenye ngazi kama mashujaa, si kama Weusi. Simulizi la wazazi wawili, Mhispania na mwenyeji, lilienea kwa nguvu ya picha kama hizi, na mzazi wa tatu akabaki bila ukuta. Katiba ilimtambua mwaka 2019, na sensa ya 2020 ilikuwa ya kwanza kuuliza swali hilo kwa nchi nzima: watu zaidi ya milioni 2.5 walijitambulisha kuwa na asili ya Afrika.

Siku ya sita, Jumapili: Bellas Artes na Alameda

Palacio de Bellas Artes ina kituo chake cha metro. Panda moja kwa moja hadi Mtu, Mtawala wa Ulimwengu, wa mwaka 1934, upana mita 11.45. Rivera aliuanza New York mwaka 1933 kwenye jengo la Rockefeller. Alipokataa kuifuta sura ya Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, alisimamishwa, na Februari 1934 ukuta ukavunjwavunjwa. Picha zilizopigwa kwa siri na msaidizi wake Lucienne Bloch zikasaidia kuuchora upya hapa, safari hii juu ya fremu ya chuma inayoweza kuhamishwa. Zunguka sakafu hiyo uone kazi za Orozco na mchoraji mwenzao Siqueiros, halafu za Rufino Tamayo wa 1952 na 1953, aliyeuchora uzao wa taifa bila bunduki wala bango.

Vuka bustani ya Alameda hadi Museo Mural Diego Rivera. Ndoto ya Jumapili Alasiri ya mwaka 1947 ina urefu wa mita 15.67 na kimo cha mita 4.17. Ilikuwa kwenye mgahawa wa Hotel del Prado. Isome kutoka kushoto: Cortés mwenye mkono wa damu, mtawa mshairi Sor Juana, rais Juárez, kati La Catrina, mifupa iliyovaa kama bibi tajiri, imeshikwa mkono na mchora katuni José Guadalupe Posada aliyeibuni, na mkono wa pili imemshika Rivera mwenyewe akiwa mtoto mwenye chura mfukoni, nyuma yake Frida. Kulia, polisi anaifukuza familia ya wenyeji kutoka bustanini. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote kwenye njia yetu, kwa kuwa katikati ya historia sasa yupo mtoto anayetembea.

Ukuta huu uliandikwa maneno ya mwandishi Ignacio Ramírez kwamba Mungu hayupo. Ulifunikwa miaka kadhaa, hadi Rivera alipoyabadilisha mwaka 1956. Tetemeko la 1985 likaiharibu hoteli. Desemba 1986 mchoro wote na fremu yake, kama tani 35, ulivushwa barabara, na makumbusho yakajengwa kuuzunguka, yakafunguliwa 1988.

Siku ya saba, Jumatatu: kazi za nje

Asubuhi nenda chuo kikuu cha UNAM, metro Universidad. Maktaba Kuu ni ya msanifu majengo Juan O'Gorman, na iko kwenye ratiba hii kwa sababu inajibu swali la Rivera, namna ya kuiweka historia ya taifa ukutani, kwa vifaa vingine. Ghala la vitabu halihitaji madirisha, kwa hiyo kuta nne zilikuwa tupu. O'Gorman alikusanya mawe ya rangi asilia kutoka sehemu mbalimbali za nchi, yakapangwa kwenye vibao vya zege vya karibu mita moja ya mraba, kisha vibao vikapachikwa ukutani. Jumla ni karibu mita za mraba 4,000. Jiwe la buluu linalofaa halikupatikana, wakatumia kioo. Mawe hayapauki kwa jua wala hayabanduki kwa mvua, ndiyo maana yamedumu nje ambako fresko isingedumu.

Ng'ambo ya barabara ya Insurgentes, mbele ya uwanja wa michezo, Rivera alianza nakshi ya mawe mwaka 1952: tai na kondori, na wazazi wanaompa mtoto njiwa. Fedha ziliisha, na mengine hayakufanyika. Ukirudi kaskazini kwa Metrobús laini ya 1, shuka Teatro de los Insurgentes utazame mozaiki yake ya kioo ya 1953, mchekeshaji Cantinflas akipokea kwa matajiri na kuwagawia maskini. Mchana jua linalipiga sana. Jioni ni bora.

Siku ya nane, Jumanne: Cárcamo de Dolores

Metro Constituyentes, laini ya 7, kisha tembea kuingia sehemu ya pili ya msitu wa Chapultepec. Cárcamo ni tangi lililopokea maji yaliyovutwa kutoka bonde la Lerma mwaka 1951. Rivera alipewa sakafu, kuta na mdomo wa handaki, na mchoro ukakusudiwa kukaa chini ya maji yanayopita. Chokaa isingevumilia, akatumia polistireni iliyochanganywa na mpira wa maji. Maji yakashinda: mkondo ukasugua rangi sehemu za chini, na mchoro ukaanza kutoka. Katika miaka ya 1990 maji yalielekezwa kwingine, kazi ikatengenezwa, na jengo likafunguliwa tena 2010.

Ukisimama kwenye ukingo unaona viumbe vya chembe moja sakafuni, vikiongezeka ukubwa kuelekea kuta. Juu ya handaki kuna mikono miwili mikubwa inayoleta maji. Kwenye kuta mbili zinazotazamana, mwanzoni mwa binadamu wote, Rivera aliweka mwanamke mwenye sura ya Asia na mwanamume mwenye sura ya Afrika. Mtu ambaye ngazi ya ikulu haikumpa jina la asili yake, hapa amepewa nafasi ya babu. Ili umwone vizuri zunguka hadi upande wa pili wa tangi, maana kutoka mlangoni ukingo unakata miguu yake. Nje, Tlaloc, mungu wa mvua, wa mozaiki amelala ndani ya bwawa; alitengenezwa aonekane kutoka angani, kwa hiyo panda mahali palipoinuka kidogo ndipo umbo lake litakapoanza kueleweka.